Earle Seaton: Wakili wa Moshi aliyesimama na Wameru hadi Umoja wa Mataifa

Ndugu msikilizaji, kila tunapofungua simu kwenye kipindi cha sheria, swali la kwanza huwa ni la ardhi. Iwe ni Kimbiji, Buyuni au Pembamnazi, mambo ni yale yale. Mtu amelima minazi na mikorosho kwa miaka mingi, siku moja anaamka anakuta vigingi vimepigwa shambani. Anakwenda kuuliza, anaambiwa eneo limeshapimwa, au limeuzwa, au liko kwenye mradi. Hapo ndipo anatutafuta akiuliza aende wapi.

Swali hilo si geni nchi hii. Zaidi ya miaka 70 iliyopita, watu wa Meru waliuliza hivyo hivyo. Wakampata wakili mmoja aliyekuwa na ofisi Moshi mjini, na swali lao likafika New York. Wakili huyo aliitwa Earle Edward Seaton. Wengi wamesikia habari za Kirilo Japhet, ila jina la wakili wake halitajwi sana. Leo tunasimulia maisha yake, kwa sababu ndani yake kuna mambo ambayo mkulima wa Kimbiji anaweza kuyatumia hata kesho asubuhi.

Mtoto wa kisiwani

Seaton alizaliwa mwaka 1924 Bermuda, kisiwa kidogo kilichoko katika Bahari ya Atlantiki, mbali na pwani ya Marekani. Bermuda ilikuwa koloni la Uingereza kama sisi tulivyokuja kuwa chini ya Waingereza. Watu weusi walikuwa wengi kuliko weupe, lakini shule zilitengwa kwa rangi, hoteli zilitengwa, na hata kanisani watu walikaa kwa kutengana.

Kuna jambo moja la Bermuda ya wakati ule ambalo mtu wa pwani yetu atalielewa haraka. Haki ya kupiga kura ilitegemea kumiliki ardhi yenye thamani fulani. Asiye na ardhi hakuwa na kura. Sheria hiyo ilianza kulegezwa mwaka 1963. Kwa hiyo Seaton alikulia mahali ambapo kukosa kiwanja ni kukosa sauti.

Alikwenda kusoma Marekani katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington. Chuo hicho ndicho kilichotoa mawakili weusi waliokuja kuvunja sheria za ubaguzi Marekani, akiwemo Thurgood Marshall. Baada ya hapo akaenda London kusomea uwakili. Mke wake, Alberta Jones Seaton, alikuwa Mmarekani mweusi kutoka Texas, mwanasayansi wa elimu ya wanyama aliyepata shahada ya udaktari enzi ambazo wanawake weusi wenye shahada hiyo walikuwa wa kuhesabika.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, badala ya kurudi kwao au kubaki Ulaya, Seaton alikuja Tanganyika. Akafungua ofisi ya uwakili Moshi.

Ofisi ya Moshi

Moshi ya wakati ule ulikuwa mji mdogo wa kahawa. Chama cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, KNCU, kilikuwa kimeanza tangu mwaka 1933. Wakulima walikuwa na fedha kidogo, walikuwa na shule, na walikuwa na mazoea ya kukutana na kujadili mambo yao. Walichokosa ni mtu wa kuwafafanulia sheria.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Mawakili wa Tanganyika karibu wote walikuwa Wazungu na Wahindi. Kesi nyingi za Mwafrika zilisikilizwa kwenye mahakama za wenyeji, na huko wakili hakuruhusiwa kuingia. Sheria ziliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima aliweza kuishi hadi kufa bila kukaa meza moja na mtu anayejua sheria inasema nini kuhusu shamba lake.

Kwa hiyo wakili mweusi, mwenye elimu ya Washington na London, aliyekaa kwenye mji wa wakulima, lilikuwa jambo jipya. Chama cha TAA, kilichokuja kuzaa TANU, nacho kilimjua. Waandishi wa historia ya chama hicho wanamtaja kati ya watu walioombwa ushauri wakati viongozi wake wa Dar es Salaam walipokuwa wakiandaa maoni yao juu ya katiba ya nchi, karibu na mwaka 1950.

Lakini kazi iliyomtambulisha Seaton ilitoka upande wa pili, kwenye Mlima Meru.

Ardhi ya Ngare Nanyuki

Wameru walikuwa wamebanwa kwa muda mrefu. Wajerumani walipoitawala nchi waligawa mashamba ya walowezi kuuzunguka mlima. Wenyeji wakabaki juu, mashamba ya Wazungu yakakaa chini yao kama mkanda. Watu walipoongezeka hawakuwa na pa kutanukia. Baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza waliyachukua mashamba ya Wajerumani, na mengi yakaishia kwa walowezi wengine.

Kaskazini mashariki mwa mlima kulikuwa na sehemu iitwayo Ngare Nanyuki. Huko Wameru waliishi, wakilima na kuchunga. Kwa mtu mwenye ng'ombe, lilikuwa eneo la kutegemea.

Baada ya vita kuu ya pili serikali ilimteua Jaji Mark Wilson achunguze suala la ardhi ya Arusha na Moshi. Taarifa yake ilitoka mwaka 1947. Ilikubali kwamba wenyeji wamebanwa, na ilipendekeza warudishiwe baadhi ya mashamba. Lakini ilipendekeza pia kwamba maeneo ya Wazungu yaunganishwe pamoja, na ili hilo liwezekane Wameru wa Ngare Nanyuki waondoke. Ardhi yao ingegawanywa kuwa mashamba 13 ya walowezi wa kufuga ng'ombe. Wao wangepelekwa Kingori, kwenye tambarare yenye joto na magonjwa.

Wameru walikataa. Walikataa kwenye mikutano, wakakataa kwa barua, wakakataa na fidia waliyopewa. Huo ndio ulikuwa msimamo wao: anayepokea fedha ameshauza, na wao hawakuuza.

Tarehe 17 Novemba 1951 uhamishaji ukaanza. Polisi waliingia Ngare Nanyuki. Watu walitolewa kwenye nyumba zao, nyumba zikachomwa moto, mazao yakaharibiwa, mifugo ikaswagwa. Watu wapatao 3,000 walipoteza makazi. Wameru hawakupigana. Walikuwa wameamua hakuna kurusha jiwe wala kuinua mkuki, ili asipatikane mtu wa kusema wao ndio walioanza fujo.

Swali ambalo wakili aliulizwa

Hapo ndipo kazi ya wakili inapoonekana. Ukitazama sheria za Tanganyika peke yake, Wameru walikuwa na nafasi ndogo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ilifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya gavana. Gavana ndiye aliyeamua wahame. Ukimshitaki kwenye mahakama zake, kwa sheria alizotunga yeye, utafika wapi?

Lakini Tanganyika haikuwa koloni la kawaida kama Kenya. Tangu mwaka 1946 ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Uingereza ilikuwa mwangalizi tu, na ilikuwa imetia saini mkataba. Mkataba huo uliitaka izingatie mila za wenyeji kuhusu ardhi na ilinde masilahi yao, ya wakati ule na ya baadaye. Tena, Ibara ya 87 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa iliruhusu watu wa nchi za udhamini kupeleka malalamiko yao moja kwa moja kwenye Baraza la Udhamini.

Hiyo ndiyo njia ambayo Seaton na Wameru waliifuata. Mlango ulikuwepo miaka yote kwenye maandishi, ila wananchi wengi hawakuujua. Wakili akiwa karibu na watu, anachoweza kuwapa kwanza ni hicho: kuwaambia kuna mlango gani, unafunguliwa na nani, na uende umebeba nini.

Wameru walikuwa na chama chao cha raia, na walichangishana fedha. Tusilipite hili haraka. Watu waliochomewa nyumba, wengine wakilala kwa ndugu zao, walitoa michango ya kumsafirisha mtu hadi Marekani, mahali ambapo hakuna kati yao aliyewahi kufika. Wakamchagua Kirilo Japhet, kijana wao, aende pamoja na wakili Seaton.

New York, mwaka 1952

Safari haikuwa rahisi. Hati ya kusafiria ya Japhet ilichelewa. Seaton akatangulia, na mwishoni mwa Juni 1952 alianza kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini. Japhet alifika mwezi wa Julai na akasema mwenyewe. Anatajwa kuwa Mwafrika wa kwanza kutoka Tanganyika kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa.

Fikiria mpangilio wa kazi ile. Seaton alikuwa na sehemu ya sheria: mkataba unasema nini, serikali imefanya nini, na wapi imekwenda kinyume. Japhet alikuwa na sehemu ya ushahidi: nyumba, mifugo, watu na siku ile ya Novemba. Mtu wa sheria hakuchukua nafasi ya mwenye shamba, wala mwenye shamba hakuachwa peke yake kwenye lugha ya sheria. Kila mmoja alibeba mzigo wake.

Waingereza walijitetea kwamba mpango ule ulikuwa kwa faida ya nchi nzima, ungeleta nyama na maziwa, na kwamba Wameru wamepewa ardhi nyingine na fidia. Baraza la Udhamini, ambalo nusu ya wajumbe wake zilikuwa nchi zenye kutawala, lilisikitishwa na namna watu walivyoondolewa, lakini halikuamuru warudishiwe ardhi.

Suala likapelekwa mbele zaidi, kwenye Baraza Kuu. Japhet akabaki Marekani miezi mingi akisubiri. Mwezi wa Desemba 1952 Kamati ya Nne ya Baraza Kuu ilipiga kura, na walio wengi wakaunga mkono Wameru warudishiwe ardhi yao. Kwenye kikao cha Baraza Kuu lenyewe pia waliounga mkono walikuwa wengi kuliko waliopinga. Lakini ilitakiwa theluthi mbili, na hazikutimia.

Kwa hiyo, kwa hesabu ya siku ile, Wameru walishindwa.

Kushindwa kulikozaa matunda

Japhet alirudi nyumbani na kuanza kuzunguka akiwaeleza watu alichokiona. Wengi walisikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna mahali ambapo serikali ya Kiingereza huulizwa maswali na inabidi ijibu. Habari zikavuka Meru. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikaanzishwa Dar es Salaam, na tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini, pale pale ambapo Seaton na Japhet walikuwa wamepita. Safari ile ya Wameru ilikuwa imeonyesha kwamba inawezekana.

Na ardhi? Mpango wa walowezi haukuleta nyama na maziwa yaliyoahidiwa. Mashamba mengine hayakupata watu wa kuyaendeleza, mengine yalishindwa, na walowezi wakaanza kuondoka. Nchi ilipopata uhuru, ardhi ya Ngare Nanyuki ilikuwa inarudi mikononi mwa Wameru. Kura za New York hazikuirudisha, lakini kwa kuwa hawakupokea fidia na hawakuacha kudai, hakuna aliyeweza kusema walikwisha kuiachia.

Mwaka 1967 Japhet na Seaton walitoa kitabu kwa pamoja kuhusu kesi hiyo, kikachapishwa Nairobi. Kwenye jalada, jina la mwenye madai liko pamoja na jina la wakili wake.

Baada ya uhuru

Mawakili wengi wa kigeni waliondoka baada ya mwaka 1961. Seaton alibaki na kuitumikia nchi. Alifanya kazi ya sheria upande wa mambo ya nje, wakati Tanganyika ilipokuwa inaamua ni mikataba ipi ya Waingereza iendelee kuibana na ipi iachwe. Msimamo wa Mwalimu Nyerere ulikuwa kwamba nchi huru haiwezi kurithi mikataba ambayo haikuulizwa; ikatoa miaka miwili ya kuipitia. Baadaye Seaton na mwenzake walitoa kitabu kuhusu mikataba ya Tanzania.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania. Ukifungua makusanyo ya hukumu za miaka ile utakuta jina lake kwenye kesi za kawaida kabisa za wananchi: mifugo, mashamba, ndoa, wizi, ugomvi wa majirani.

Mwaka 1972 alirudi Bermuda na kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya huko, mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kijana aliyetoka kisiwani ambako mtu mweusi asiye na ardhi hakuwa na kura, alirudi akiwa amekaa kwenye kiti cha hakimu.

Baadaye akawa Jaji Mkuu wa Ushelisheli. Mwaka 1982 ndiye aliyesikiliza kesi ya mamluki walioingia kisiwani Novemba 1981 kutaka kuipindua serikali. Wanne kati yao walihukumiwa kifo kwa uhaini, ingawa hukumu hiyo haikutekelezwa na mwaka uliofuata wakaachiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Uganda. Alifariki dunia katika miaka hiyo hiyo.

Alivaa joho la jaji katika nchi nne, lakini kama umeuliza Meru, anakumbukwa kama wakili wa Moshi.

Somo kwa mkulima wa Kimbiji

Ndugu msikilizaji, hatukukusimulia haya ili usifie watu wa kale halafu ulale. Kimbiji ya leo si Ngare Nanyuki ya 1951. Hapa wengi hawaondolewi na polisi wa mkoloni; wengi hupoteza shamba kwa karatasi. Mimi mwenyewe nina mzee katika ukoo wetu aliyeweka dole gumba kwenye karatasi ya daftari ambayo hakusomewa yote. Alidhani anauza ekari moja. Karatasi ilisema vingine. Alikaa miaka akiona aibu kusema, na alipokuja kusema, mashahidi wawili walikuwa wameshazikwa.

Kwa hiyo yachukue haya manne kutoka kwenye kazi ya Seaton.

La kwanza, jua mlango. Kigamboni sasa ni manispaa, na sehemu zetu nyingi zimekuwa mitaa. Muhuri wa serikali ya mtaa kwenye karatasi ya mauziano unasaidia kuonyesha kwamba mlifika pale, lakini muhuri huo si hati miliki. Kabla hujanunua wala kuuza, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa ukaulize eneo lile limepimwa au la, na limepangwa kwa matumizi gani. Mkigombana, Baraza la Kata lina kazi ya kuwasuluhisha. Likishindwa ndani ya siku 30, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

La pili, usipokee fedha ambayo hujaielewa. Wameru walikataa fidia kwa sababu walijua kupokea kuna maana gani. Wewe unaweza kuamua kupokea, ni haki yako, ila usomewe kwanza kila mstari, uelewe fedha hiyo ni ya nini na ni ya ukubwa gani wa ardhi. Na kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mwenzi wako akubali. Kuuza kimya kimya halafu mama watoto akasikia kwa majirani ni kuanzisha kesi mbili kwa pamoja.

La tatu, usikae kimya muda mrefu. Sheria inakupa miaka 12 ya kudai ardhi yako mahakamani, ukihesabu tangu haki yako ilipoguswa. Miaka 12 inaonekana mingi, lakini huisha huku tukisema tutakwenda baada ya mavuno.

La nne, tafuta mtu wa sheria mapema, na usiogope kwamba huna fedha. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, na inaweka utaratibu wa msaada wa bure kwa asiye na uwezo. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata au ya manispaa wakuelekeze. Ukienda, beba kila ulichonacho: karatasi za mauziano, risiti, majina ya majirani wa mipaka, na mwaka ambao wazazi wako walianza kulima pale. Msaidizi wa sheria anajua njia, lakini shamba unalijua wewe. Kama Japhet alivyofanya, sehemu yako huwezi kumwachia mtu mwingine aibebe.

Na kama uko kwenye kundi la watu wenye shida moja, msiende mmoja mmoja. Kaeni, chagueni mtu, andikeni jambo moja ambalo wote mnakubaliana. Kwa Wameru haikuanzia New York. Ilianza kwenye vikao vyao wenyewe, walipokubaliana nani awasemee na aseme nini.

Msikilizaji, kama una karatasi ya shamba ndani ya sanduku na hujaisoma tangu uwekewe, itoe leo. Mpe kijana anayejua kusoma akusomee taratibu, neno kwa neno. Ukikuta kitu hukielewi, usisubiri vigingi.